Rangi ya Uso wa Mama Gathii

Bungoma,
12 Aprili 2008

Ndugu yangu Kizito,

Mulembe. Natumaini uko mzima na unakula chakula cha maana, si chai na mandazi ya hapo chini ya studio kila siku. Sisi tuko wazima wa mwili. Shule zimefungwa na meza yangu imejaa vitabu vya kusahihisha. Huko nyumbani Matulo mvua imeanza, Sellah amepanda mahindi na watoto wake wamemsaidia. Shemeji yetu huyo hana mchezo na shamba. Baba analalamika mgongo, lakini ukimwambia apumzike anakuangalia kama umemtukana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni vyumba viwili. Ukiongea jikoni, aliye sebuleni anasikia yote, na haya sitaki mume wangu ayasikie.

Tangu tumzike mama yake mwezi uliopita, Gathii haongei. Hajanikasirikia. Anaenda dukani, anarudi, anakula, ananishukuru kwa chakula kama mgeni, kisha analala. Juzi tu ndipo alipofungua mdomo akasema, akimtaja mama kwa Kikuyu chao, "Nelima, nikijaribu kukumbuka uso wa maitu, naona tu ule wa kambini." Unajua nyumba yao ya Naitiri ilichomwa Januari kwenye fujo za uchaguzi pamoja na albamu zote, naye mama akaishia kambi ya wakimbizi. Picha iliyobaki ni ya kitambulisho, na picha za vitambulisho unazijua, kila mtu anafanana na mwizi wa kuku.

Kwa hivyo imebaki video ya harusi yetu tu. Ile nakala ya kanda uliyotuletea Krismasi haifai. Chini ya lile hema la kijani la kukodi kila mtu alitoka kijani. Tulicheka, tukasema baba amekuwa kinyonga. Lakini sasa nikimtazama Mama Gathii pale namwona mgonjwa, kama alivyokuwa siku za mwisho, na siwezi kumwonyesha Gathii hilo. Ulisema studio yenu inapata programu ya kurekebisha rangi. Tafadhali ifanyie video yetu. Wewe wajua mama yetu hakuwepo siku ile, Mungu amrehemu, na aliyenifunga leso kiunoni alikuwa Mama Gathii. Nataka mwanawe amwone na rangi yake.

Dada yako,
Nelima


Kitale,
3 Mei 2008

Dada Nelima,

Mulembe sana. Nimepokea barua yako, na mandazi nimepunguza. Hapa Kibomet tunashukuru, maji yamerudi na mwenye nyumba hajapandisha kodi. Jelimo, mwenye studio, anakusalimia. Anasema wewe ndiye bibi harusi pekee aliyewahi kumletea mpiga picha sahani ya chakula kabla ya wageni.

Kazi nimeanza, ila nikueleze usidhani nazembea. Video yako niliihariri katika programu moja, na rangi inafanywa katika nyingine kabisa. Kuhamisha kazi kutoka huku kwenda kule si kama kumwaga maji toka ndoo hii hadi ile. Ile ya kwanza haimpi mwenzake filamu, inampa maagizo tu: chukua kanda fulani, kuanzia sekunde hii hadi hii. Ya pili inakwenda kutafuta yenyewe. Sasa mimi kwa furaha ya kumwoza dada nilizipa kanda zote jina moja, Harusi ya Nelima. Basi programu ikachota popote. Pale mchungaji anapowaombea, ikaweka mpishi akisonga ugali. Jelimo alicheka mpaka akakaa chini.

Itabidi nirudie kuingiza kila kanda na jina lake. Halafu picha za mgando nizitoe, sehemu za mwendo wa polepole nizitoe, na vipande vyote nivishushe vikae mstari mmoja, maana programu ya rangi haijui kusoma vipande vilivyopangwa juu kwa juu kama ghorofa. Nafanya haya baada ya kazi za wateja.

Lakini nimejaribu kipande kimoja. Nilichukua Mama Gathii akikufunga leso. Nikapunguza kijani kidogo kidogo, nikarudisha wekundu mashavuni, na kile kitambaa chake cha kichwa kikawa cha njano tena. Dada, ni yeye kabisa. Niliiacha kwenye skrini mchana mzima.

Mwisho wa mwezi utakuwa nayo. Baba anakuja wiki ijayo kumwonyesha daktari mgongo, atalala kwangu.

Wako,
Kizito


Bungoma,
31 Mei 2008

Kizito ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, shule zimefunguliwa, watoto wa darasa langu ni wengi kuliko madawati. Daktari alisemaje kuhusu baba? Sellah anasema tangu atoke kwako hazungumzi na watu, nikadhani ni maumivu.

Nisamehe, nimeshindwa kukaa na siri. Nimemwambia Gathii kwamba unamtengeneza mama yake vizuri. Akasema, "Sawa. Nitangoja." Kesho yake alirudi na mashine ya DVD iliyokwisha kutumika. Ameiweka juu ya televisheni, akaifunika kitambaa. Jana alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiwafukuza kuku na mwiko. Kizito, alisimulia mpaka sufuria ikaungua na sikumkatiza.

Mwezi ndio huu umekwisha. Fanya hima.

Nelima


Kitale,
21 Juni 2008

Dada Nelima,

Natumaini mko salama. Mimi niko salama. Nimekutumia diski pamoja na barua hii kupitia ofisi ya vifurushi pale stendi.

Kuhamisha kazi kumekuwa na shida. Kuna vipande ambavyo havikuvuka. Programu hizi ndivyo zilivyo. Vilivyovuka nimevirekebisha rangi, utaona hema halisumbui tena. Baba alikuja akarudi. Mgongo ni ule ule.

Kizito


Bungoma,
29 Juni 2008

Kizito,

Hujambo. Sisi tuko.

Diski niliipata Ijumaa. Niliitazama peke yangu kabla Gathii hajatoka dukani, na nashukuru Mungu nilifanya hivyo. Rangi ni nzuri. Baba anaonekana kijana. Sellah anapendeza, mchungaji anapendeza, mpishi yupo, hata yule mbwa wa jirani aliyeingia hemani ameoga. Mama Gathii hayuko.

Pale langoni hamna. Siku ile baba aliwafungia lango wageni kwa mchezo, kama desturi, na akina mama wa Naitiri wakaimba nje mpaka akawafungulia, Mama Gathii akiwa mbele. Sasa naona watu wameshakaa hemani kana kwamba walianguka kutoka mbinguni. Kufungwa leso hamna, na ni wewe uliyeniandikia kwa mkono wako kwamba hicho kipande ulikirekebisha ukakiacha kwenye skrini mchana mzima. Kilipotelea wapi? Hata kwenye keki, umeisogeza picha karibu mpaka tumebaki mimi na Gathii, na kando kuna bega. Bega la blauzi ya buluu. Umeacha bega la mama wa watu.

Nikuulize kwa upole kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Hiyo programu yako inajua kabila? Maana haikuangusha mtu wa Matulo hata mmoja.

Sitaki kuamini ninachokiwaza. Wewe ndiye uliyekuja na pikipiki ya Jelimo Januari, njia zikiwa zimefungwa, kuangalia kama mume wangu yuko hai. Basi niambie ni nini.

Gathii aliporudi aliuliza kama imefika. Nikasema bado. Sijawahi kumdanganya mume wangu kabla ya siku hiyo.

Nelima


Bungoma,
27 Julai 2008

Kizito,

Sijapata jibu. Nimepiga simu, unasema mtandao mbaya, unakata. Kitale na Bungoma si Ulaya.

Gathii ameacha kuuliza. Kila Jumapili baada ya kanisa anapangusa vumbi ile mashine, anairudishia kitambaa chake. Hadithi za kuku zimekwisha. Tumerudi pale pa kunishukuru kwa chakula.

Kama hukuwa unataka kuifanya, ungesema.

Nelima


Kitale,
10 Agosti 2008

Dada Nelima,

Mulembe. Nimeanza barua hii mara nyingi. Watu wote wa hapa wazima, na mimi mzima, ingawa usingizi umenihama.

Programu haikuangusha kitu. Kila kipande kilivuka, na cha Mama Gathii kilivuka cha kwanza. Ni mimi niliyemtoa, kwa sababu baba aliniomba.

Alikuja studio siku ya daktari, akaketi nyuma yangu na kofia magotini. Nilitaka kumfurahisha. Nikafungua kile kipande cha langoni, nikakisimamisha pale anapoinua komeo akicheka, na uso wa Mama Gathii unaonekana kwa nje kati ya mbao. Nikamwonyesha jinsi kijani kinavyotoka. Kisha nikaachilia iende na sauti. Unakumbuka baba alivyosema? "Mama, hili lango sasa ni lako. Siku ukikuta limefungwa, wewe sukuma tu." Watu wote wakashangilia.

Baba akasema, "Zima." Nikadhani mgongo. Nikageuka nikamkuta analia. Baba yetu, Nelima, ambaye hatukumwona akilia hata siku tuliyomzika mama.

Akaniambia. Wiki ile ya kwanza ya Januari Mama Gathii alipotoroka Naitiri alikwenda Matulo. Alifika asubuhi na kifurushi kimoja. Vijana walikuwa wamepita kila boma wakisema nyumba itakayoficha mtu itachomwa na waliomo, na ndani walikuwemo Sellah na watoto. Mama Gathii hakubisha wala hakutaja jina. Alisimama nje akaimba ule wimbo wa harusi, kwa sauti ya chini, ili baba ajue ni nani. Baba alikuwa amesimama upande wa ndani. Anasema mkono wake ulikuwa juu ya komeo. Mama Gathii akaimba mpaka mwisho, akaanza upya, akaachia katikati. Baba akasikia viatu vyake vikiondoka. Alisukuma? Nilimwuliza hivyo, na Mungu anisamehe kwa kumwuliza. Akasema hapana. Hakusukuma.

Usiku huo Mama Gathii alilala kituo cha polisi Webuye kwenye sakafu, na lori likamleta na wenzake huku kambini. Kile kifua kilichomuua alikianzia wapi, baba anajiuliza kila siku. Sijui kama nina baba mbaya, au mwoga, au baba tu aliyekuwa na wajukuu ndani ya nyumba. Alichosema mwisho ni, "Mwanangu, hii si inaweza kutolewa?" Nami kazi yangu ni kutoa na kuweka. Nikatoa. Nilianza na lango, lakini ukimtoa mtu mahali pamoja, mahali pengine anakuuliza maswali, basi nikamtoa kote.

Lile bega sikuliona. Baada ya barua yako nilikwenda kuliangalia, na tangu hapo sikuweza kufanya kazi nyingine. Jelimo ameniuliza kama ni mapenzi.

Nimeihamisha upya yote, toka mwanzo. Nimekaa na uso wake kipande kwa kipande mpaka kila kimoja kikafanana na mwenzake. Hii hapa, nzima, na sauti ya baba imo. Nilikwenda Matulo kumwambia kwamba naituma. Aliuliza tu, "Rangi yake imekaa vizuri?" Nikamwambia imekaa.

Sasa mume ni wako na baba ni wetu. Sikuweza kukuamulia cha kumwambia Gathii. Nisamehe kwa ile barua ya Juni, hasa kwa kusingizia mashine.

Ndugu yako,
Kizito


Bungoma,
30 Agosti 2008

Kizito,

Mulembe. Barua na diski vilifika. Nilikaa na barua yako wiki nzima ndani ya mkoba wa shule nikifundisha hesabu za ziada za likizo kama mtu aliyepigwa rungu. Niliwaza kuichoma. Niliwaza pia kufuta ile sauti, mwenzangu wa shule aliniambia unaweza kubonyeza ikanyamaza. Kisha nikaona nitakuwa nafanya kile kile ulichofanya wewe.

Jumapili nikamwambia Gathii imekuja. Alitoa kitambaa, akakikunja, akavuta kiti mpaka karibu kabisa kama mtoto. Sikukaa. Nilisimama mlangoni pa jikoni.

Kizito, umefanya kazi. Alimwona akasema "Ĩĩ," basi, kama mtu aliyeitwa akaitika. Akacheka aliposikia anavyowaongoza wenzake kuimba. Akasema, "Angalia hiyo shingo, si hata ni mnene!" Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mwaka jana. Halafu baba akafungua lango, akasema maneno yake, na mimi nikaingia jikoni nikafungua mfereji wa maji ili nisiyasikie.

Akaniita. "Nelima, funga maji. Kuja ukae." Nikaja. Alikuwa ameisimamisha. Akaniuliza, "Wewe umejua lini?"

Nikasema juma hili. Kabla sijauliza anajuaje, alinijibu. "Mimi ni tangu Januari. Maitu aliniambia siku ile ile nilimpata kambini. Akasema, usiambie huyo msichana. Atakosa baba, na mimi sitaongezewa kitu."

Miezi hii yote. Nilidhani ni huzuni ndiyo imemfunga mdomo. Kumbe alikuwa anaogopa kwamba akiufungua kwa lolote, hilo ndilo litatoka la kwanza. Na mimi Pasaka nilimburuta hadi Matulo, nikamlaumu kwa kutomaliza chakula cha baba. Alikula, Kizito. Alikula karibu yote.

Nililia mpaka akanifunika blanketi. Sasa hasira zangu zimekaa pabaya. Nimemkasirikia baba, nimekukasirikia wewe kidogo, na nimemkasirikia Mama Gathii kwa kunipenda hivyo bila kuniuliza. Siwezi kwenda Matulo. Msinitumie mtu wa kunibembeleza.

Lakini Gathii anakwenda huko Jumamosi ya tarehe ishirini mwezi ujao, peke yake, na diski. Nimemwuliza anakwenda kusema nini. Akasema hajui, ila mzee naye yumo kwenye hiyo video, na hajaiona mpaka mwisho. Nenda uwepo.

Dada yako,
Nelima


Kitale,
22 Septemba 2008

Dada Nelima,

Mulembe. Nimerudi jana. Nyumbani wazima, mahindi yamekauka vizuri, Sellah amekutumia kuku ambaye Gathii atakuwa ameshakufikishia. Hujauliza lakini nakuandikia.

Baba alikuwa nje tangu asubuhi. Lango aliliacha wazi na kuliwekea jiwe lisijifunge na upepo, ng'ombe wa jirani wakaingia mara mbili na hakuwafukuza. Gathii alipofika, baba alishindwa kusalimu. Ni Gathii aliyeanza, akamshika mkono kwa mikono miwili kama mkwe anavyomshika mkwe. Chai ilipoa bila kunywewa.

Jioni alipoondoka, baba alimsindikiza mpaka barabarani. Waliongea wakitembea, mimi nilibaki nyuma kwa heshima, kwa hivyo usiniulize walisema nini. Aliporudi aliniuliza, "Nelima ameiona?" Nikasema ndiyo. "Yote?" Nikasema yote. Hajaniuliza kama utakuja. Nadhani anaogopa jibu, na mimi sina la kumpa mpaka unipe wewe. Sikubembelezi. Nakuambia tu.

Ila kuna la katikati ambalo lazima ulijue. Tuliwasha televisheni kwa betri ya gari. Baba alikaa kwenye kiti chake akitazama sakafu. Wimbo wa akina mama ulipoanza, vidole vyake vilishika kiti. Ikafika sauti yake mwenyewe: hili lango sasa ni lako, wewe sukuma tu. Baba akasimama. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea na haoni, amegonga meza na vikombe. Mimi nilikaa kama gogo, fundi mzima wa video.

Gathii hakutoa macho kwenye skrini. Alinyoosha tu mkono akamshika baba kwa kiwiko.

"Kaa, baba," akasema. "Sasa ndio anaingia akicheza."

Baba akakaa.

Ndugu yako,
Kizito